Gari la Mkunga

Mpimaji alipolivuta turubai siku ile, vumbi lilimpanda hadi kwenye nyusi, na mkewe aliyekuwa ameketi mlangoni akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza baada ya miezi mitano. Kilitoka upande mmoja tu wa mdomo, lakini Mpimaji hakuwa na haki ya kuchagua. Alisimama na turubai mkononi kama mtu aliyeokota kitu njiani, anachelea mwenyewe asije akatokea kukidai.

"Kumbe bado lipo," mkewe alisema.

"Lingekwenda wapi? Halina miguu."

"Hata mimi sina, na bado nipo."

Gari lenyewe lilikuwa la zamani hasa, la bluu iliyokwisha kufifia, lenye boneti ndefu na taa mbili za mviringo zilizofanana na macho ya mtu aliyeshtuliwa. Mkewe, ambaye watu wote walimwita Mkunga, hata wale waliomzidi umri, alilinunua muda mfupi kabla hawajaoana, nalo lilikuwa tayari limetumika. Akaliendesha miaka ishirini na saba, kwenda kuzalisha na kurudi. Mumewe alikuwa mpimaji wa ardhi, mtu wa kamba na vigingi, na katika miaka yote hiyo mahali pake palikuwa kiti cha abiria, mkono kwenye kishikio cha mlango, akikanyaga breki ambayo haikuwepo. Mkunga aliwahi kuwaambia watu harusini kwamba mumewe ni kichwa cha nyumba, ila kichwa hicho hubebwa na gari lake.

Kisha siku moja adhuhuri, akiwa anapiga pasi, kiharusi kikamwangusha. Shemeji mtu, mdogo wake Mkunga, aliyekuwa amekuja kuwatembelea, ndiye aliyehisi harufu ya nguo inayoungua, akamkuta sakafuni. Roho ilibaki. Upande wa kushoto ndio uliokwenda. Baada ya miezi ya mazoezi, mguu ulirudi nusu, akaweza kutembea kwa mkongojo. Mkono ukabaki kuning'inia kama mkono wa koti. Na gari lile lilikuwa likidai mguu wa kushoto kwa klachi, na mkono wa kushoto kwa gia iliyokuwa imechomoza ubavuni mwa usukani.

"Kinachoniua si mguu," Mkunga alisema siku ile ya turubai, kicheko kikiwa kimekwisha. "Kinachoniua ni kukaa nikisubiri kupelekwa. Nimekuwa mzigo wa kupakiwa na kupakuliwa."

"Utaendesha," Mpimaji akajibu. Neno lilitoka kinywani kabla halijapita kichwani, na likishatoka halirudi.

*

Gereji ilikuwa nyuma ya kiwanda cha matofali, na mwenyewe aliitwa Fundi Kesho. Jina hilo alilipata kwa haki. Ukimuuliza gari litakuwa tayari lini, alifuta mikono kwa tambara, akatazama juu kana kwamba siku zimeandikwa kwenye mabati, akasema kesho. Lakini mikono yake ilikuwa mizuri, na hakuwa mwongo kwa mambo ya chuma.

Gari lilipofikishwa kwa kuvutwa, aliingia chini yake na bisibisi. Mpimaji, aliyekuwa amechungulia dirishani, akaona ncha ya bisibisi ikitokeza kwenye sakafu, karibu na pedeli, kama mche unaoota.

"Mzee," sauti ya Fundi Kesho ilisema kutoka chini, "hili gari limebaki rangi. Tukiiondoa rangi hatutakuta kitu."

"Chasisi je?"

"Chasisi inasimama kwa mazoea." Akatoka, akaketi juu ya tairi. "La kuvunda halina ubani, mzee. Kama ni la kuwekwa uani wageni waliangalie, nitalipaka rangi. Lakini unasema mama aende nalo kila siku?"

"Kila siku. Sokoni, hospitali, popote atakapo. Na aliendeshe mwenyewe, kwa mkono mmoja na mguu mmoja."

Fundi Kesho alinyamaza. Huenda alitaka kusema jambo, huenda hapana. Baadaye Mpimaji alikikumbuka kimya hicho mara nyingi, akitafuta ndani yake onyo, asilipate. Fundi alikuwa akiwaza giaboksi tu.

"Basi tutalitoa utumbo wote," akasema. "Tutatia injini ya gari dogo lililogongwa nyuma, yenye gia za kujibadilisha zenyewe. Usukani wa umeme, auzungushe kwa kidole. Breki za mbele za diski, maana hizi za zamani ukikanyaga leo linasimama keshokutwa."

"Na wewe ndiye unayesema hivyo?"

Wakacheka wote wawili. Mpimaji alirudi nyumbani kwa miguu, akiwa amepiga moyo konde.

Ikawa kazi. Miezi tisa, mzee wa watu aliamkia gereji kama mtu aliyeajiriwa upya. Mwanzoni alikwenda kutazama. Wiki ya pili alikuwa na ovaroli. Fundi Kesho alikata sakafu iliyooza, akachomelea mabati mapya. Chasisi waliitia viraka vya chuma kinene pande mbili. Giaboksi mpya ilikuwa pana kuliko nafasi yake, ikabidi lile tuta la katikati ya sakafu likatwe na kujengwa upya, na hapo ndipo upimaji wa Mpimaji ulipopata heshima. Alipima mara tatu, akachora kwenye boksi la karatasi, akakata, akajaribisha. Bati lilipokaa mahali pake bila kulazimishwa, Fundi Kesho alipiga mluzi.

"Mzee, ulipoteza maisha yako kwenye mashamba ya watu."

Hakuwa amesifiwa hivyo tangu astaafu. Alijiona ana miaka arobaini. Aliisugua milango kwa msasa hadi ngozi ya vidole ikalainika, simu ikashindwa kumtambua kwa alama ya kidole. Aliporudi jioni, Mkunga alimsubiri kitandani, mito nyuma ya mgongo, amtolee habari.

"Kabureta mmeitupa?"

"Tumeitupa. Sasa mafuta yanapulizwa kwa kompyuta."

"Na ile honi yangu?"

"Honi nani aiguse? Ni ile ile."

"Afadhali." Na alifumba macho, akitabasamu kwa ule upande wake mmoja, akiuliza habari za kila skrubu. Kama kulikuwa na furaha katika nyumba ile, ilikuwa saa hiyo, na yote ilihusu gari.

Aliyebaki nyumbani mchana kutwa ni shemeji. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mjane, aliyehamia kwao na sanduku moja ili amtunze dada yake. Yeye ndiye aliyeona.

"Shemeji," alimwambia Mpimaji siku moja jikoni, akimwonyesha sahani. "Tazama. Dada anakula nusu."

Chakula kilikuwa kimeliwa upande mmoja, kimekatwa katikati kama shamba lililowekewa mpaka. Upande mwingine haukuguswa.

"Hana hamu. Dawa zile zinakata hamu."

"Nikiigeuza sahani, anakula na ile nyingine. Anasema, 'Ahaa, kumbe umeniongezea.'"

Mpimaji aliitazama sahani. Alikuwa na mabaki ya rangi kwenye kucha, na kichwani alikuwa akiwaza mikanda ya viti ifungwe wapi. "Nitamuuliza daktari," akasema.

"Kuna barua ya kumtaka aende kupimwa macho. Ni Jumatano."

"Jumatano tunaingiza injini. Tuahirishe, twende mwezi ujao. Macho yake mazima, anasoma gazeti."

Shemeji alitaka kusema jinsi dada yake alivyosoma gazeti. Alisoma vipande vya mistari, kisha akakasirika kwamba waandishi wa siku hizi hawajui kuandika. Alitaka pia kusema habari za bega la kushoto lililojaa michubuko kwa kugonga miimo ya milango. Lakini Mpimaji alikuwa amekwisha kuinuka kunawa, naye hakuwa mtu wa kumfuata mwanamume hadi bombani. Mwezi ujao nao ukawa wa kupiga rangi.

*

Siku Fundi Kesho aliposema "leo", Mpimaji alimwomba arudie.

Gari lilitoka gerejini likiwa bluu ya asili, ile iliyopatikana chini ya zulia la buti ambako jua halikuwahi kufika. Kwa nje lilikuwa la zamani kila inchi. Kwa ndani liliwaka kwa kugusa tu, likanguruma kwa sauti ya chini, likatulia. Kwenye usukani walikuwa wamefunga kitufe cha mpira cha kushikia kwa mkono mmoja. Mpimaji aliliendesha hadi nyumbani, na njia nzima hakuthubutu hata kupiga chafya.

Hakumpeleka barabarani moja kwa moja. Hilo walau alijisifu baadaye, kwamba hakuwa mwendawazimu kabisa. Alimpeleka kwenye uwanja mpana nyuma ya ghala lililofungwa, mahali pasipo na watu wala mbwa. Asubuhi hiyo alikuwa ametangulia kupanga mikebe mitupu ya rangi, safu mbili, sita kila upande, kama barabara. Alipima upana kwa kamba. Magari mawili yangepita humo yakisalimiana.

Mkunga alikuwa amevaa viatu vyake vya kazi. Shemeji alimfunga mkanda, akashuka na kusimama pembeni na mkongojo mkononi. Mpimaji akakaa mahali pake pa siku zote.

"Niondoke?" Mkunga aliuliza.

"Gari lako, mama. Unaniuliza mimi?"

Akakanyaga. Gari likaondoka kama maji. Na Mpimaji alimtazama mkewe, si njia. Aliuona uso wake ukirudi, wote, hata ule upande uliolala ukaonekana kama umeamka. Aliuona mkono wa kulia ukikizungusha kitufe kana kwamba umezaliwa nacho. Machozi yakamjaa. Hapo aliposikia mlio wa kwanza, wa bati kugongwa, aliudhani ni jiwe.

Wa pili. Wa tatu. Mikebe ya kushoto iliangushwa mmoja baada ya mwingine, ikabiringika chini ya dirisha lake, na Mkunga alizidi kuliegemeza gari huko huko, polepole, akitabasamu, hadi mkebe wa sita.

"Simama," Mpimaji alisema. "Simama, simama!"

Akasimama, vizuri, bila kushtua. "Umeona?" akasema. Macho yalikuwa yakimeta. "Ulidhani nimesahau?"

"Hukusikia kitu?"

"Vijiwe. Uwanja huu mchafu."

Mpimaji alishuka. Aliibeba mikebe yote hadi mbele ya boneti, akaipanga upya safu mbili, akarudi, akainama dirishani kwa mkewe. "Ebu niambie, mbele yako unaona mikebe mingapi?"

Mkunga aliitazama kwa makini, kama mwanafunzi anayetaka kupata zote. "Sita," akasema. "Imejipanga vizuri. Mbona umeweka upande mmoja tu?"

Shemeji, pale aliposimama, aliinamisha kichwa.

*

Jambo la kwanza Mpimaji alilofanya, hata hivyo, lilikuwa kulirudisha gari kwa Fundi Kesho. Alimwambia linavuta kushoto. Alisema kwa nguvu, akatia chumvi: tairi, alisema, au usukani ule wa umeme, au chasisi imepinda pale penye kiraka. Sikio la kufa halisikii dawa. Fundi Kesho alipima magurudumu kwa uzi, akayapima tena, kisha akalichukua gari kwenye barabara iliyonyooka, Mpimaji akiwa kando yake, akaachia mikono. Gari lilikwenda kama mshale.

"Ongeza mwendo," Mpimaji akasema.

Akaongeza. Likanyooka vile vile.

"Achia tena."

"Mzee," Fundi Kesho alisema kwa upole, "gari halina kosa. Ningelipata ningelitengeneza hata leo."

Mpimaji aliomba lipimwe mara ya tatu. Fundi akakubali, akachukua uzi wake, akapiga magoti. Wote wawili walijua.

Wiki iliyofuata walikwenda hospitali kwa ile barua ya zamani. Daktari alikuwa msichana wa kuweza kuwa mjukuu wao, mwenye subira. Alimpa Mkunga karatasi yenye duara, akamwambia achore saa. Mkunga akachora tarakimu zote kumi na mbili upande wa kulia, zimebanana kama watu chini ya mwavuli mmoja, kisha akairudisha karatasi akiwa ameridhika.

"Macho ni mazima," daktari alimwambia Mpimaji ukumbini. "Ni ubongo ndio uliosahau kwamba kuna upande wa kushoto. Kwake haupo. Si giza, si ukungu. Haupo tu, na kwa hiyo hajui kwamba haupo."

"Utarudi?"

"Mwaka umepita na zaidi. Kama ungerudi, ungekuwa umeanza."

"Tungekuja ile Jumatano..."

"Hata mngekuja Jumatano ile, jibu lingekuwa hili hili." Alikusudia kumfariji. "Asiendeshe, mzee. Wala uwanjani. Atamuua mtu na hatajua kwa nini watu wanapiga kelele."

Mpimaji alimshukuru, kwa kuwa ndivyo watu wanavyofanya.

Alimwambia mkewe siku hiyo hiyo, sebuleni, shemeji akiwepo. Alieleza vizuri, kama alivyoeleza mipaka kwa majirani waliogombana miaka mingi. Mkunga alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo siendeshi."

"Huwezi, mke wangu. Si kwamba nakukataza."

"Nani aliyenikataza basi? Niliendesha. Ulikuwepo. Ulilia, niliyaona machozi ulipoinama dirishani."

"Uliangusha mikebe yote ya kushoto."

"Hakukuwa na mikebe ya kushoto!" Sauti yake ilikuwa ile ya wodini, iliyowanyamazisha waume wa watu. "Mdogo wangu, mwambie."

Shemeji alifungua mdomo. "Ilikuwepo, dada," akasema.

Mkunga aliwatazama kwa zamu, yule na huyu, kama mtu aliyejikuta amezungukwa. Kisha akasema, taratibu, jambo ambalo Mpimaji hakulisahau. "Miezi tisa hukukaa na mimi hata mchana mmoja. Nikasema sawa, ananitengenezea gari langu. Kumbe unajitengenezea. Miaka ishirini na saba umekaa kando, na sasa nimeanguka, umepata kiti."

Angejibu nini? Lawama ya kwanza ilikuwa kweli, na mwenye kweli moja mkononi huaminiwa hata kwa ile ya pili.

Kwa siku kadhaa Mkunga aliomba funguo kila asubuhi, kwa adabu, ameshavaa viatu vya kazi. Kila asubuhi Mpimaji alisema hapana. Alijaribu kumpeleka yeye mwenyewe: sokoni, kwa marafiki, popote. Mkunga alipanda mara mbili. Katika kiti kile cha abiria, kwa vile alivyokuwa sasa, nyumba na miti ya kushoto havikuwepo. Alichokiona ni upande wa kulia tu, yaani mumewe, na mikono ya mumewe kwenye usukani wake. Mara ya pili aliomba arudishwe kabla hawajafika. Hakupanda tena.

Wageni waliokuja kumjulia hali aliwaambia kwamba mume wake amemnyang'anya gari. Alisema bila ukali, akiwakaribisha chai. Wengine walimtazama Mpimaji kwa jicho la pembeni, na wengine walimwonea huruma, na hakujua lipi lilikuwa zito zaidi. Binti yao alipiga simu kutoka mbali, akauliza, "Baba, kwani si umwachie tu azunguke uani?" Mpimaji akaeleza tena. Alikuwa amekwisha kueleza mara nyingi kiasi kwamba maneno yenyewe yalianza kumsikikia kama visingizio.

Kisha Mkunga akaacha kuomba. Mpimaji alidhani ni nafuu, hadi alipogundua kwamba ameacha pia kuuliza habari nyingine yoyote. Jioni aliporudi kutoka popote alipokwenda, mkewe hakuwa na swali. Viatu vya kazi alimpa mdogo wake. Mazoezi ya mguu aliyafanya kwa kuwa aliambiwa ayafanye, na mguu haukuongeza kitu.

Siku za kliniki huenda kwa teksi, yeye na mdogo wake, wamekaa nyuma. Mpimaji hufuata kwa gari la bluu, hatua ishirini nyuma, endapo teksi itaharibika au mgonjwa atazidiwa. Teksi ni chakavu, hutoa moshi, lakini haijawahi kuharibika. Gari la bluu nalo halijawahi. Linawaka kila asubuhi, halichemshi, halivuji hata tone, na Fundi Kesho huwaonyesha wateja wapya picha yake.

Mlangoni mwa kliniki teksi huruhusiwa kuingia kwa kuwa imebeba mgonjwa. Yeye hubaki nje kando ya ukuta. Wiki iliyopita mlinzi alimjia, akainama dirishani.

"Mzee, limekuzimikia? Nikuitie watu wasukume?"

"Linawaka, mwanangu. Halina kelele tu."

Mlinzi aliweka kiganja juu ya boneti, akausikia mtetemo, akatikisa kichwa kwa kustaajabu. "Hili ni mali. Unamsubiri mgonjwa?"

Ndani ya lango, shemeji alikuwa akimshusha Mkunga kutoka kwenye teksi, mguu wa kulia kwanza.

"Hapana," Mpimaji akasema. "Nimesimama kidogo tu."

"Basi sogea mbele, mzee wangu. Hapa ni pa waliokuja na wagonjwa."

Akatia gia, akasogea mbele.